Nguo kwanza, projekta baadaye

Vijana wengi wanaoniomba niwasaidie kusimika ukumbini kazi ya sanaa inayochanganya mavazi na video huanza na swali la projekta: wakodi ipi, yenye mwanga mkali kiasi gani. Mimi huwaomba kwanza wanionyeshe nguo. Nguo ikitundikwa ukutani mchana kweupe na isiseme lolote, video haitaiokoa. Itaifunika tu, na mtazamaji ataondoka akikumbuka filamu, vazi kalisahau.

Ukitaka mtu wa kumsoma kwa makini, anza na Hussein Chalayan, aliyezaliwa Nicosia, Kupro, mwaka 1970, akasomea ubunifu wa mavazi katika chuo cha sanaa cha Central Saint Martins, London. Kwa kazi yake ya kuhitimu mwaka 1993 alizika nguo ardhini pamoja na unga wa chuma, kisha akazifukua zikiwa zimeshika kutu. Muda ulikuwa umejiandika wenyewe kwenye kitambaa. Mwaka 2000, katika onyesho aliloliita After Words kwenye ukumbi wa Sadler's Wells, jukwaa lilikuwa sebule. Wanamitindo walivivua viti vitambaa vyake wakavivaa kama magauni, viti vikakunjwa vikawa masanduku ya safari, na mwishoni mmoja wao akaingia katikati ya meza ya mbao, akaivuta hadi kiunoni, ikawa sketi. Ni habari ya watu wanaolazimika kuhama ghafla na kubeba wanachoweza. Kisiwa chake, kilichogawanyika mwaka 1974, kinaijua habari hiyo. Ninachokuomba ukione ni kwamba wazo limekaa ndani ya utengenezaji wenyewe, kwenye mikunjo na mishono. Hata ukiiondoa sebule yote, sketi ile bado ni meza ya mtu.

Video aliitumia pale alipokuwa na jambo ambalo nguo isingeweza kulibeba. Katika The Absent Presence, kazi ya video iliyowekwa kwenye banda la Uturuki katika maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale, Italia, mwaka 2005, Tilda Swinton anaigiza mwanasayansi anayechunguza vinasaba vilivyobaki kwenye nguo za wanawake wahamiaji wa London, akijaribu kukisia wao ni akina nani. Uchunguzi unakwenda hatua kwa hatua na umejaa kubahatisha, na huwezi kumshonea mtu gauni la kubahatisha. Kwa hiyo chukua karatasi uandike kitu ambacho video yako inasema na nguo yako haisemi. Karatasi ikibaki tupu, achana na video, fedha ya kukodi vifaa ipeleke kwenye kitambaa.

Chumba nacho kipime hivyo hivyo. Kazi ninayoipenda kuliko zote katika hili imetoka Nairobi. Mwaka 2022, kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta huko Kassel, Ujerumani, kundi la wasanii la Nest Collective lilijenga banda kwa marobota ya mitumba kwenye uwanja wa nyasi mbele ya jumba la Orangerie, likaliita Return to Sender. Ndani ilikuwa ikionyeshwa video ya watu wa Afrika Mashariki wakiizungumzia biashara hiyo. Sisi tunaopita masoko ya mitumba ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, tumeshazoea kuona robota likikatwa kamba. Kule, mtu aliyezoea kutoa nguo zake za zamani na kuzisahau ilibidi aingie ndani ya mzigo wenyewe, ukuta wa nguo kulia na kushoto, ndipo asikie maneno ya wanaoupokea. Video ile ile ukiionyesha kwenye ukumbi wenye kuta nyeupe, unabaki na mahojiano tu. Mzigo ndio unaoyapa uzito.

Sasa kazi za mikono, ambazo shuleni hazifundishwi vya kutosha. Kitambaa cheupe cha marekani hupokea picha vizuri kwa kuwa haking'ai. Satini huurudisha mwanga machoni mwa mtazamaji, kaniki, kwa weusi wake, huumeza. Kanga ina picha yake tayari. Ukiimulika kwa picha ya uso wa mtu utapoteza uso na kanga pia, labda kama unamulika rangi tupu inayobadilika polepole.

Ukimulika kutoka nyuma ya kitambaa, kivuli cha wageni hakiingii kwenye picha, na kwa vyumba vyetu vidogo ndiyo njia ninayoipendekeza. Ila picha itageuka. Jina la kanga lililomo kwenye video litasomeka kinyumenyume, hivyo igeuze kwenye mipangilio ya projekta mapema, kabla wageni hawajafika. Na mwanga unaopenya haufichi kitu: kila uzi unaoning'inia ndani, kila kiraka, kila mshono uliopinda utaonekana. Mwambie fundi kabla hajakata kitambaa kwamba ndani pamalizwe kama nje. Mlipe kwa kazi hiyo ya ziada, na jina lake liandikwe kwenye kibandiko pamoja na lako. Sioni sababu hata moja ya mtu aliyeshona kazi nzima kukosa jina ukutani.

Video isiwe na mwanzo wala mwisho unaotegemewa, maana mgeni huingia wakati wowote. Umeme nao utakatika. Chomoa waya mwenyewe, urudishe, uone kama kila kitu kinaanza upya bila mtu kugusa. Mlinzi wa ukumbi hana wajibu wa kutafuta faili lako kwenye fleshi.

Kabla ya kushusha kazi, pima. Urefu wa nguo kutoka sakafuni, umbali wa projekta hadi kitambaani, spika zilipokaa, unene wa uzi uliotundikia, vyote viingie kwenye daftari pamoja na mchoro wa chumba. Picha nzuri ya simu haitamtosha mtu wa Mombasa atakayetakiwa kuisimika kazi hiyo mwakani wewe ukiwa hupo.