Pateni ya mdoli mdogo haikuzwi mara nne

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Nimezoea kushona midoli ya watoto ya sentimita 40. Kikundi cha maigizo kimeniagiza mdoli wa nguo wa ukubwa wa mtu: bibi kizee wa sentimita 160, anakaa kitini karibu mchezo mzima, kisha mjukuu wake anambeba mgongoni. Nilichukua pateni yangu ya siku zote nikaizidisha mara nne. Sasa kichwa kinadondokea kifuani, mshono wa bega umefumuka, na pamba imeniishia mapajani. Advansi nimeshaitumia. Kazi hii naiokoaje?

JIBU: Pole, fundi. Mkono wako hauna kosa, hesabu ndiyo imekuangusha. Ukizidisha urefu mara nne, kitambaa kinaongezeka mara 16, na kinachojaa ndani kinaongezeka mara 64. Mdoli mdogo aliyemeza gramu 80 za pamba, mkubwa wa pateni hiyohiyo atataka kilo 5 na ushee. Mishono nayo imerefuka mara nne tu, kwa hiyo kila sentimita ya mshono inabeba mara 16 ya ilivyozoea. Bega lisifumuke kwa nini?

Kichwa kina kosa la peke yake. Midoli ya watoto huwa tunaipa kichwa cha robo ya urefu ili ivutie. Kwa sentimita 160 hiyo ni sentimita 40, yaani tenga la nyanya juu ya shingo. Kichwa cha mtu mzima, utosini hadi kidevuni, huingia karibu mara saba na nusu katika urefu wake, kwa hiyo bibi yako anataka sentimita 21 au 22. Usijaribu kukipunguza hicho ulichonacho, kata kipya. Miguu pima kabla ya kuitupa: mguu kuanzia kinenani hadi kisiginoni ni karibu nusu ya urefu wote. Ukiwa mfupi, unganishia kipande gotini, gauni litafunika. Kiwiliwili kikate upya kwa vipimo vya mtu wa kweli, mama yeyote wa mtaani mwenye kimo hicho, na kipande cha mgongoni kiwe kirefu kuliko cha mbele kwa sentimita 5 au 6. Ukijaza, mgongo utapinda wenyewe, na uzee utaonekana hata kwa anayekaa kiti cha mwisho.

Sasa bega, maana huyu anabebwa. Mjukuu atamvuta mikono yote miwili mbele ya shingo yake, na hakuna mshono wa kitambaa utakaovumilia hilo kila onyesho. Chukua mkanda wa begi, ule wa nailoni, uanzie kwenye kiwiko kimoja, upite ndani ya mkono, ukatize kifuani, utokee kiwiko cha pili. Ushone kwa alama ya X ndani ya boksi kila unapokutana na kitambaa, kabla hujajaza. Mkanda mwingine uende nyonga hadi nyonga. Kuanzia hapo uzito unabebwa na mkanda, kitambaa kinabaki ngozi tu. Mishono iliyobaki ipige mara mbili, sindano namba 16, hatua fupi.

Shingoni tia kipande cha bomba la plastiki la maji, la inchi nusu, urefu wa sentimita 35 hivi, ncha zake umezizungushia sponji na utepe wa gundi. Kiingie hadi katikati ya kichwa juu, na chini kizame kifuani. Waya usitumie: baada ya wiki mbili za mazoezi utatoboa na kumchoma mwigizaji. Kisha jaza shingo kwa vidonge vidogo vya pamba, ukisukuma kwa kijiti butu, mpaka ukiibonyeza kwa kidole gumba isibonyee.

Ili akae, piga mshono unaokatiza mguu kwenye nyonga na mwingine gotini, na ukanda wa vidole viwili kila upande wa mshono uache bila kujaza. Makalioni mtilie mfuko wa mchanga mkavu wa kilo 2, uingie na kutoka kwa zipu ya mgongoni. Bila mchanga atateleza kitini. Na mchanga ukibaki ndani wakati wa kumbeba, mjukuu atakulaani.

Kujua pamba ya kununua: jaza mguu mmoja kama unavyotaka uwe, upime kwenye mizani. Mguu mzima wa mtu ni karibu sehemu moja ya sita ya mwili wake, kwa hiyo zidisha kwa sita. Watu watakushauri utumie sufi. Kweli ni nyepesi, lakini hulala na kuacha mabonde, nyuzi zake hupenya kitambaa zikaingia puani, na ikikaribia moto hushika upesi. Kwa mto ni sawa. Kwa jukwaa la taa za moto, sitaki. Mapaja na tumbo jaza vipande vya sponji ya godoro, pamba ya polista ibaki kwa uso, shingo na mikono.

Kitambaa pia unaweza kubana. Bibi atavaa gauni na khanga mbili, kwa hiyo kiwiliwili na mapaja shona kwa marekani ya kawaida, uliyoifua kwanza ili isije ikanywea baadaye. Kitambaa cha rangi ya ngozi kinunue cha uso, shingo, mikono hadi kiwikoni na nyayo basi. Viatu pata kabla ya kukata nyayo. Mimi niliwahi kufanya kinyume, nikazunguka Kariakoo siku nzima nikitafuta kandambili za mguu usiokuwapo duniani.

Mpigie mteja leo, kabla hujanunua chochote. Mwambie bei uliyompa ilikuwa ya mdoli mdogo aliyekuzwa, umweleze hesabu ya 64, na mwandikiane uzito wa mwisho na nani atalipia marekebisho. Wengi huelewa wakionyeshwa mguu mmoja ukiwa kwenye mizani.

Zipu ya mgongoni iache ndefu, sentimita 40 hivi. Baada ya mazoezi mawili au matatu pamba italala shingoni na kwenye mabega, utahitaji kuingiza mkono na kuongeza.