Kipimo kikisema chanya, anaumwa kwa asilimia ngapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasomea uuguzi, na takwimu zinanitoa jasho. Zoezi lilisema: kati ya watu 1,000, 10 wana ugonjwa fulani. Kipimo huwanasa wagonjwa 9 katika kila 10, ila huwasingizia pia wazima, 1 katika kila 10. Mtu kapimwa, jibu ni chanya. Kuna uwezekano gani kwamba anaumwa? Nilijibu asilimia 90, mwalimu akakata na kuandika 8.3. Sielewi.

JIBU: Marahaba. Mwalimu yuko sahihi. Wewe umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Asilimia 90 ni uwezekano wa kupata chanya kwa mtu ambaye tayari anaumwa. Ulichoulizwa ni uwezekano wa kuumwa kwa mtu ambaye tayari kapata chanya. Chukua karata 52. Nikikudokeza kwamba niliyoshika ni kopa, unajua bila kukisia kuwa ni nyekundu. Nikikudokeza kwamba ni nyekundu, kopa ni nusu kwa nusu, maana yaweza kuwa uru. Karata ni zile zile, sharti, yaani kile ulichokwisha kuambiwa, ndilo limehama.

Na kazi ya sharti ni kufukuza watu. Ukishaambiwa "chanya", wote waliopata hasi watoe nje, hawakuhusu tena. Wanabaki wagonjwa 9 pamoja na wazima waliosingiziwa, yaani moja ya kumi ya 990, ambao ni 99. Jumla 108. Gawa 9 kwa 108, unapata 0.083. Fomula mnayokariri, P(A|B) = P(A na B) ÷ P(B), haisemi zaidi ya hapo (P ni uwezekano, A ni kuumwa, B ni kupata chanya, na A|B ni A ukishajua B): kugawa kwa P(B) ndiko kuwatoa watu nje. Ningekuwa na sauti, ningeagiza ifundishwe baada ya kuhesabu vichwa, si kabla.

Kugeuza sharti hivi huitwa kanuni ya Bayes, kwa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza ambaye andiko lake lilichapishwa 1763, miaka miwili baada ya kifo chake.

Sasa peleka kipimo hicho hicho kwa watu 1,000 ambao nusu yao wanaumwa. Chanya za kweli ni 450, za uongo 50. Gawa 450 kwa 500: asilimia 90, jibu lako lile lile! Kipimo hakijabadilika hata chembe, waliopimwa ndio wamebadilika. Daktari anapouliza dalili kabla ya kuandika kipimo, sehemu ya anachotafuta ni hiyo: mgonjwa huyu anatoka kundi lipi.