Kuhusu picha za Suecia antiqua et hodierna

Umeuliza iwapo picha za Suecia antiqua et hodierna ("Uswidi ya kale na ya sasa"), kitabu cha michoro ya majengo ya Uswidi, zinaweza kuaminiwa kama ushahidi wa sura halisi ya majengo ya Uswidi katika karne ya 17. Zitumie, lakini kwa tahadhari. Erik Dahlbergh, mhandisi wa ngome za kijeshi, alipewa idhini ya kifalme ya kukitayarisha mwaka 1661, na nia ilikuwa kuionyesha Ulaya ukuu wa taifa lililokuwa limetoka vitani na ushindi. Ndiyo maana baadhi ya makasri yamechorwa kama wamiliki wake walivyokusudia kuyajenga, pamoja na bustani ambazo hazikupandwa kamwe. Michoro yake ilichongwa kwenye mabamba ya shaba, mengine mjini Paris na mengine Stockholm, na kazi ikawa ndefu kiasi kwamba yeye mwenyewe alifariki mwaka 1703 kabla ya kuona kurasa zote 353 zimekusanywa pamoja. Hata hivyo, kwa Tre Kronor, kasri la kifalme la Stockholm lililoteketea kwa moto mwaka 1697, sioni namna mtafiti anavyoweza kuzipuuza picha hizi. Azilinganishe tu na ramani za ujenzi zilizosalia.