Pikapu mpya ikikusumbua, dai kwa maandishi

Pikapu iliyotoka dukani ikiwa mpya haina sababu ya kukuacha njiani. Yangu iliniacha, tena nikiwa bado nalipa mkopo wa benki: mara Kibaigwa nikiwa na magunia ya alizeti, mara kwenye mlima wa Bereko nikielekea Babati, mara hapahapa Dodoma mjini karibu na stendi ya Nanenane. Taa ya injini inawaka, gari linakosa nguvu, nyuma yako malori yanapiga honi.

Ugonjwa ulionekana kwenye chujio la masizi, lile linalokaa kwenye ekzosi. Dizeli nyingi za kisasa zinalo. Hukusanya masizi, kisha huyachoma lenyewe joto likifika nyuzi 600 hivi. Anayezunguka mitaa ya mjini tu, Area D na Makole, anaweza kulijaza, kwa sababu joto halipandi vya kutosha. Lakini mimi nasafiri mbali kila wiki na bado lilikuwa linajaa. Maana yake kuna kitu kinazalisha masizi kupita kiasi, pengine nozeli inayonyunyiza mafuta kwenye injini, pengine sensa, yaani kihisi kinachoipa kompyuta ya gari taarifa, na hicho ndicho nilichotaka kitafutwe. Gereji ya wakala wa mtengenezaji ilisafisha chujio, ikafuta kosa kwenye kompyuta, ikanipa funguo. Baada ya muda tukarudi palepale.

Kisha nikaambiwa: "Bosi, tatizo ni mafuta ya huko kwenu." Kauli hiyo iliniuma sana. Afrika Mashariki ilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, na anayeleta gari kuuza Tanzania anajua litakunywa mafuta ya Tanzania. Kama injini yake haiyawezi, angesema kabla ya kupokea hela. Tunza risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za vituo vya mafuta. Nilipoziweka zangu mezani, habari ya mafuta haikutajwa tena.

Karatasi muhimu kuliko zote ni ile unayosaini unapoacha gari gereji. Mpokeaji hupenda kuandika "sevisi ya kawaida". Ukisaini hivyo, siku ya kudai rekodi zitaonyesha gari lako halijawahi kuumwa. Kataa, kwa adabu lakini kataa. Mwambie aandike maneno yako: gari linakosa nguvu likipanda mlima, taa ya injini inawaka, limerudi kwa tatizo lilelile. Kilomita ziandikwe. Piga picha dashibodi taa ikiwa inawaka, na uombe wakuchapie namba za makosa kabla hawajazifuta.

Fundi wa mtaani atakwambia atoboe chujio yaishe. Wengi wamefanya hivyo. Waranti ikiwa bado hai usikubali, maana unampa mtengenezaji sababu anayoitafuta, na ule moshi mweusi wanauvuta watoto wetu.

Mtengenezaji mwenyewe nilimwandikia. Akanijibu niwasiliane na wakala. Wakala akasema anasubiri kibali cha mtengenezaji. Wanaweza kurushiana mpira hivyo mpaka waranti iishe. Mimi niliwaandikia wote wawili barua moja, nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inagusa wajibu wa mtengenezaji pia, siyo muuzaji peke yake. Barua iwe fupi: namba ya chesisi, tarehe ya kununua, tarehe za kuharibika, unachodai. Nilidai nozeli zote zipimwe kwa gharama yao, na siku ambazo gari limelala gereji zisihesabiwe kwenye waranti. Nozeli wakapima, moja ikakutwa inavuja, wakabadilisha. Hilo la siku bado tunaandikiana, na siliachi.

Wewe ambaye bado unachagua, usiishie kuuliza bei na rangi. Nenda kwa madereva wanaoliendesha gari hilo hapa Dodoma, waulize linasumbua nini. Muulize wakala kama nozeli, sensa na filta ziko hapa au zinaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, au nje ya nchi kabisa. Nani atalipa gari la kuvuta likizimika Mpwapwa? Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo yuko mji gani? Majibu yote yaandikwe na kusainiwa kabla hujalipa.