Papairasi au mafunjo? Na je, Khufu aitwe Firauni?

Mwalimu mmoja wa darasa la tano huko Musoma kanitumia sentensi aliyowaandikia wanafunzi wake, nayo ni hii: "Enzi za Firauni Khufu, Wamisri waliandika kwenye papairasi." Anauliza kama papairasi ni Kiswahili kweli, maana mtandaoni kaliona sana, alafu mwenzake ofisini kamwambia afute Firauni aandike Farao, sasa nani yuko sahihi?

Mwalimu, tuanze na papairasi kwasababu hilo ndo limenigusa zaidi. Hapo Musoma ulipo mmea wenyewe unao, shuka tu ziwani sehemu zenye matope utauona, umesimama mrefu kumpita mtu mara mbili au zaidi na kichwani una manyoya mengi membamba ya kijani yametawanyika kama mwavuli. Jina lake kwa Kiswahili ni mafunjo, moja likiwa funjo. Wajaluo wanaita togo, Waganda wanasema ebitoogo. Hata Biblia ya Kiswahili inalo, kitabu cha Ayubu sura ya 8 kuna swali kama mafunjo yanaweza kumea bila matope. Kwahiyo neno lipo, ni letu, na lipo kwenye maandishi miaka mingi, sasa tunaenda kuazima papairasi ya nini?

Wengi wanaandika matete wakidhani ni kitu kimoja, na sio. Tete lina shina la mviringo, lina pingili na ndani lina uwazi. Funjo shina lake ni la pembe tatu, halina pingili, na ndani limejaa moyo mweupe laini. Huo moyo mweupe ndo uliowapa Wamisri pa kuandikia. Walikuwa wanamenya ganda la nje, wanaupasua moyo kwa urefu kupata vipande vyembamba, wanavipanga ubavu kwa ubavu, juu yake wanapanga safu nyingine ya kukatiza, alafu wanaponda na kukandamiza mpaka utomvu wa mmea wenyewe unazishikamanisha zile safu mbili. Ikikauka wanailainisha kwa kusugua. Wakitaka ndefu wanaunganisha moja na nyingine wanazikunja, na hilo likishakunjwa Kiswahili kinaita gombo, kwahiyo unaweza kuandika "gombo la mafunjo" na msomaji akaelewa vizuri kabisa. Ila angalia simu yako isikubadilishie ikawa "fujo", herufi moja tu ikidondoka maana yote imeharibika.

Na kuna jambo ninalotamani kila anayefundisha Kiswahili alijue. Neno letu karatasi limetoka Kiarabu, qirtas, na Waarabu walilipata kwa Wagiriki ambao walikuwa wanasema khartes, na khartes ilikuwa ni hiyohiyo karatasi ya mafunjo. Yaani kila siku ukimwambia mtoto toa karatasi, unatamka jina la kitu kilichokuwa kinatengenezwa Misri kutokana na mmea unaoota hapo kwenu ziwani! Kalamu nayo imepita njia hiyohiyo, qalam kwa Kiarabu, kalamos kwa Kigiriki, na maana yake ya mwanzo ni tete. Waandishi wa zamani zaidi wa Misri walitumia kijiti chembamba cha mmea kilichochanuliwa ncha kama brashi, lile tete la kuchonga lilikuja kuenea baadaye na Wagiriki. Huko Misri kwenyewe mafunjo ya porini yalikuja kupotea karibu kabisa, wakati huku kwenye maziwa Nile inakoanzia bado yamejaa tele.

Kwahiyo mmea uite mafunjo, kilichotengenezwa kiite karatasi ya mafunjo, na maandishi yakiwa juu yake ni hati ya mafunjo au gombo. Ngeli ni LI-YA, funjo hili, mafunjo haya. Usiseme "mafunjo hizi", nimeshaiona mara kadhaa.

Tuje kwa Firauni. Mwenzako hajakosea sana lakini na wewe hujakosea kama anavyodhani. Firauni na Farao ni neno moja lililotufikia kwa milango miwili, Firauni kwa Kiarabu na Qurani, Farao kwa Biblia. Asili yake ni Kimisri cha kale, per-aa, maana yake nyumba kubwa, yaani jumba la mfalme. Ni kama sisi tunavyosema "Ikulu imetangaza" wakati jengo halina mdomo, tunamaanisha aliyemo ndani. Wamisri nao walikuja kumwita mfalme mwenyewe kwa jina la nyumba yake, na hiyo ilianza kwenye karne ya 15 KK hivi. Khufu, mwenye piramidi kubwa kule Giza, alitawala miaka kama 1,000 kabla ya hapo, kwahiyo enzi zake hakuna aliyemwita hivyo. Mimi ningemwandika mfalme Khufu, basi, ubishi wa ofisini ungeisha hapohapo.

Kwa wafalme wa baadaye, kama Tutankhamun au Ramesses wa Pili, Farao ni sawa na wingi wake ni mafarao. Sababu yangu ya kupendelea Farao kwenye somo la historia sio dini. Ni kwamba firauni kwa Kiswahili limeshageuka kuwa neno la kumkemea mtu mwovu, watu wanasema "acha ufirauni", na mtoto akisikia Firauni Tutankhamun anamwona mtu katili kabla hajaambiwa chochote, wakati yule alikufa kijana wa miaka kama 18 au 19. Lakini ukisimulia kisa cha Nabii Musa kwa njia ya Qurani, Firauni liache kama lilivyo, hapo limekuwa kama jina la mtawala yule mmoja. Tena Qurani yenyewe inatenganisha, kwenye kisa cha Nabii Yusuf mtawala wa Misri anaitwa mfalme tu, wakati Biblia inamwita Farao kote kuwili.

Kwenye ukweli wa sentensi yako nakuunga mkono. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Sham, zilipatikana hati za mafunjo za enzi hizohizo za Khufu, na mojawapo ni kumbukumbu za siku kwa siku za msimamizi aitwaye Merer, aliyekuwa anasafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura kwenda Giza. Kwahiyo waandikie wanafunzi hivi: "Enzi za mfalme Khufu, Wamisri waliandika kwenye karatasi za mafunjo." Na siku ya kipindi wabebee funjo moja darasani, likate katikati, waone zile pembe tatu na ule moyo mweupe.