Mpiga dramu ana mikono miwili tu: kwa nyie mnaoanza kupanga dramu kwenye kompyuta

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza biti chumbani, mi hii kazi nimeianza na laptopu ya mtumba na hedifoni inayolia upande mmoja, kwahiyo haya nayoandika ni yale niliyochelewa kuyajua. Kilichonichelewesha zaidi ni kudhani dramu zangu mbovu kwa sababu sauti zenyewe mbovu. Karibu mwaka mzima nilikuwa nadaunilodi tu sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa), za bure, za kuomba kwa washkaji, flashi imejaa mpaka basi, na biti bado inalia kama mtu anagonga bati.

Siku moja nikamsikilizisha kijana anayepiga dramu kanisani kwetu. Akasikiliza kama baa nne hivi (baa ni fungu la mipigo, kwa kawaida minne) afu akauliza, "Kaka, huyu mpigaji wako ana mikono mingapi?" Nikacheka, kumbe mwenzangu hatanii. Nilikuwa nimeweka haihati (yale matoazi mawili yanayofungana), sneya (ile ngoma yenye mlio mkali), krashi (toazi kubwa) na tomu (ngoma za kuzunguka) zote zinalia kwa mpigo mmoja, na mtu wa kweli ana mikono miwili na miguu miwili, mguu mmoja uko kwenye kiki (ile ngoma kubwa ya chini, siyo zile wanazotafuta wasanii mtandaoni), mwingine kwenye pedali ya haihati, basi kaisha. Mkono ukienda kwenye krashi haupo tena kwenye haihati. Tangu siku hiyo nikiweka fili ya tomu (vile vipigo vya kupambia kabla wimbo haujageuka) nafuta haihati zote zilizokaa hapo, na fili inasikika vizuri bila hata kugusa volyumu.

Sasa jambo la pili ndo kubwa kuliko yote, velositi, yaani nguvu ya kila kipigo. Elewa kwanza kwamba MIDI siyo sauti, ni maagizo tu: piga noti fulani, muda fulani, kwa nguvu kiasi fulani, na hiyo nguvu inahesabiwa 1 mpaka 127. Ukiwa unaklik noti kwa mausi programu inaziweka zote nguvu moja, na hapo ndo inapotoka ile dramu ya bati, maana hakuna binadamu anayepiga haihati 8 kwa nguvu ileile, mkono wenyewe unakataa. Mi haihati naanza na 95, inayofuata 60, afu 88, afu 55, naenda hivyohivyo nikibadili kidogo kila baa. Sneya ya mpigo wa pili na wa nne naiacha kwenye 110 hadi 118, halafu katikati yake naweka vile vipigo vya kugusagusa, gosti, kwenye 25 hadi 40, vile ambavyo huvisikii mpaka uvizime ndo unagundua biti imekufa. Na usije ukafanya hii kazi kwa kupandisha na kushusha volyumu ukadhani ni kitu kimoja. Sampo nzuri za dramu zimerekodiwa mara nyingi, kipigo laini kina rekodi yake na kipigo kikali kina yake, kwahiyo velositi ikibadilika na sauti yenyewe inabadilika, volyumu haikupi hicho.

Muda nao. Kwantaizi inavuta noti zote zikae juu ya mstari wa gridi (ile mistari ya kugawa muda kwenye skrini), na kwa anayeanza ni sawa, ila usiiache ivute asilimia 100 kila kitu. Chukua biti ya BPM 100 (mipigo 100 kwa dakika), mpigo mmoja ni milisekunde 600, kwahiyo noti ya kumi na sita, yaani robo ya mpigo, ni 150. Mi sneya naichelewesha kama milisekunde 10 hivi, ndogo kabisa, lakini biti inakaa kiuvivu flani mtamu. Kile kitufe cha kuvuruga noti ovyoovyo mi sikiamini kabisa. Mpigaji hakosei kwa kurusha karata, ana tabia yake, akichelewesha sneya anachelewesha wimbo mzima. Swingi, yaani kuchelewesha kila noti ya pili, ni hivyohivyo, 50 ni mstari ulionyooka, 66 tayari ni tatu kwa mpigo, jaribu 54 hadi 58 uone kichwa kinavyoanza kutikisika chenyewe.

Ila haya yote yana mahali pake. Ukitengeneza singeli, BPM 200 na zaidi, huko mikono miwili isahau, huo ni muziki wa mashine na raha yake ndo hiyo ya kukimbizwa, ukianza kuweka gosti hakuna atakayezisikia. Na ukitaka chakacha ndo usikae kwenye gridi ya nne kwa nne ukapambana, yenyewe inaenda sita kwa nane, badilisha gridi kwanza, mi nilipambana wiki nzima nikidhani sina masikio.

Kitu kingine kitakachokutesa ni majina ya noti. Kwa mpangilio wa General MIDI (utaratibu wa namba unaofuatwa na programu nyingi) kiki ni noti namba 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42, iliyofunguka 46. Namba haibadiliki, ila programu ya Ableton Live inaiita hiyo 36 C1 na ya FL Studio inaiita C3. Kwahiyo unaangalia video jamaa anasema weka kiki C1, unaweka, kimya. Fuata namba. Na hizo haihati mbili hakikisha iliyofungwa inaikata iliyofunguka, maana ni kifaa kimoja, haiwezi kuwa wazi na imefungwa kwa wakati mmoja.

Kabla hujaklik chochote piga kwanza kwa mikono kwenye mapaja au meza, jirekodi na simu, afu ndo uiandike. Ukiwa na kibodi ndogo ya MIDI yenye pedi ni bora zaidi, kwa sababu velositi inatoka mkononi kwako, kibodi ya kuchapia haina hiyo. Ukiona unapiga afu sauti inachelewa shusha bafa (sauti ambayo kompyuta inaikusanya kwanza kabla ya kuitoa), sampuli 512 kwenye 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 12, 128 ni karibu 3. Na sevu jamani, betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa, umeme ukakatika saa nne usiku, jioni nzima ya kazi ikaondoka nao.

Mwisho nikimaliza naituma kwenye simu, natoka nayo nje naisikilizia spika ya simu tupu, maana msanii ataisikilizia humohumo. Kiki ya hezi 60 simu haiitoi kabisa, kwahiyo ikipotea siongezi besi, narudi naongeza ule mlio wake wa juu wa kugonga, kwenye kilohezi 3 hivi, natoka tena nje.