Ujasiri Usioacha Karatasi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba wakati wa utawala wa Wanazi walikuwapo Wajerumani wa kawaida waliowaficha Wayahudi jijini Berlin. Ikiwa walijitahidi wasijulikane, watafiti wamewajuaje? Tena, kuna haja gani ya kuwaenzi ilhali matendo yao hayakuvifupisha vita hata kwa siku moja?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la kwanza limegusa ugumu wenyewe wa kazi hii. Aliyemficha mtu hakuandika chochote, kwa kuwa karatasi moja ingeweza kuwaangamiza wote wawili; aliyekamatwa ndiye aliyefunguliwa jalada, tena na watesi wake. Ndiyo maana tunawafahamu vizuri Otto na Elise Hampel, mume na mke wa tabaka la wafanyakazi, ambao baada ya kaka yake Elise kuuawa vitani mwaka 1940 walianza kuandika kadi za kumpinga Hitler na kuziacha kwenye ngazi za majengo ya Berlin. Kwa muda wa miaka miwili waliandika zaidi ya 200. Nyingi zilipelekwa polisi na watu walioziokota, na tarehe 8 Aprili 1943 wawili hao wakauawa katika gereza la Plötzensee. Inaniuma kwamba maneno yao yametufikia kwa sababu tu Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliyatunza kama ushahidi wa kuwahukumu.

Wale ambao hawakugunduliwa hutafutwa kwa njia nyingine, yaani kuanzia kwa waliookolewa. Wayahudi wapatao 1,700 walinusurika mafichoni Berlin, na kwa kawaida kila mmoja alihitaji watu kadhaa: huyu wa kumpa kitanda, yule wa kumgawia chakula cha mgawo wake, mwingine wa kumtafutia vitambulisho. Simulizi la manusura hulinganishwa na masimulizi ya wengine, barua, na orodha za waliosafirishwa kwenda kambini, kwa sababu kumbukumbu ya mtu, hata iwe ya kweli kiasi gani, huchanganya majina na tarehe. Inge Deutschkron, aliyenusurika, alitoa ushuhuda wa namna hiyo kumhusu Otto Weidt, ambaye katika karakana yake ya brashi aliwaajiri Wayahudi vipofu na viziwi, akawahonga Gestapo, na kuificha familia moja katika chumba kisicho na dirisha.

Njia hii ina pengo kubwa. Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, inayowatambua waokoaji tangu mwaka 1963, hutegemea zaidi ushuhuda wa waliookolewa. Basi ikiwa wote uliowaficha walikamatwa na kuuawa, nani atakusemea? Berlin Magharibi nayo iliwatunuku watu 738 kati ya mwaka 1958 na 1966, idadi ambayo kwangu ni mwanzo tu wa hesabu.

Ni kweli kwamba vita havikufupishwa. Lakini aliyelala salama usiku mmoja zaidi hakuokolewa na majeshi yaliyokuwa bado mbali, bali na mtu aliyemfungulia mlango. Ninachosisitiza ni kuwaenzi bila kutia chumvi: tutaje jina, anwani na tendo lenyewe, na tusifiche kwamba walikuwa wachache miongoni mwa majirani walionyamaza au waliochongea. Karakana ya Weidt, Rosenthaler Straße namba 39, sasa ni makumbusho, na chumba kile kisicho na dirisha bado kipo.